Barua ya Tumbi Iliyosomwa Barazani

Mwezi uliopita binti yangu alirudi likizo hapa Gwata na begi la nguo chafu na ombi moja. Yuko chuo kikuu, mwaka wa tatu, anasomea kompyuta. Wenzake wanatengeneza michezo ya simu. Yeye kachagua kufunga meseji kwa hesabu, ili anayezibeba asiweze kuzisoma. Mwalimu wake akamuuliza wazo hilo kalitoa wapi.

"Nikamwambia nimelitoa kwa mama," akasema. "Sasa naomba ruhusa niiandike ile habari ya barua."

Basi ndugu yangu, acha nikusimulie na wewe, kwa mkono wangu huu wa darasa la saba.

Nilikulia Masaki, Kisarawe, kwa bibi mzaa mama. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka moshi wa maganda, macho yanawasha, na sisi watoto vidole vilibabuka kwa mafuta yake. Asubuhi ni muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Nilipomaliza shule na kuvunja ungo, nikawekwa ndani mwali. Kazi yangu ikawa kusuka ukili wa mikeka na kusikiliza. Duka la kijiji lilikuwa ukuta kwa ukuta na chumba changu, kwa hiyo yote ya barazani niliyapata.

Barua za kijiji zilipitia sanduku la posta la mwenye duka. Alizifungua mwenyewe, akazisoma kwa sauti, na waliokaa barazani wakachangia. Ukitaka yako ukasomewe nyumbani, ulionekana una jambo. Na kikongwe mwenye jambo, kwetu, aliitwa mchawi.

Siku moja ilikuja barua ya mama mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Tumbi, Kibaha. Bibi hakujua kusoma. Mimi nilijua, lakini mwali hatoki nje. Nikamsikia mwenye duka akiuliza, "Bibi, nisome?" Na bibi, kwa kuogopa macho ya watu, akajibu, "Soma tu mwanangu, mimi sina siri."

Akasoma. Mama mdogo kanipatia nafasi ya sekondari Kibaha. Bibi anitoe ndani kimya kimya, Jumamosi atakuja kunichukua, mjomba asijue, maana mjomba alishapokea posa yangu.

"Kimya kimya ndiyo hii," mtu mmoja akasema, baraza zima likacheka.

Mwenye duka alipanda baiskeli mwenyewe kumpelekea mjomba habari. Ijumaa nikaozeshwa. Jumamosi mama mdogo akakuta mkeka mtupu.

Mume yule alinivunja mkono mara mbili kabla sijakimbilia huku. Walionikosesha shule ni mwenye duka na mjomba wangu, sizungushi maneno, na wote wawili walizikwa kwa heshima. Bibi nilimlaumu miaka mingi. Siku hizi nawaona mabibi wa hapa wakimpa fundi simu meseji zao awasomee mbele ya wateja, nikiwauliza wananijibu yale yale ya bibi, hawana siri. Binti yangu anasema hao ndio anaowafanyia kazi.

Duka lile limeanguka, mikorosho ya nyuma yake imekwenda na mkaa, barua huko hakuna anayeandika. Ile yangu sikuwahi kuishika. Mwandiko wa mama mdogo siujui mpaka leo.

"Andika," nilimwambia.

"Nitaficha jina lako, mama. La mjomba na la mwenye duka pia."

"Langu lifiche. Yao kwa nini?"

"Ndiyo kanuni ya chuo. Ikimwacha mmoja nje, haimlindi yeyote."

Nilikasirika, siku mbili hatukuongea vizuri. Ya tatu nikamwambia haya, andika.

Alipomaliza, kurasa zilikuwa za Kiingereza. Akasema atanisomea kwa Kiswahili nisikie kama nimekubali kila neno, na nisipokubali atalifuta. Majirani walikuwa uani wakichambua mchicha. Akainuka, akafunga mlango kwanza.