Utando Mweupe wa Mtoto wa Jirani

Ulikuwa mwaka ule wa unga wa njano. Aliyekuwepo Kariakoo anaujua: ugali unakwama kooni, chai tunainywa kwa tende maana sukari haionekani. Sabuni nayo ilikuwa mali. Bibi yangu aliikata vipande, akavificha chini ya godoro.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, na bomba moja uani. Asubuhi tuliamshwa na nyundo za mafundi wa mtaa jirani wa Gerezani. Nilikuwa na miaka tisa, shule nakwenda siku za kuhesabu, mdomo mrefu, najiona mtu mzima.

Bibi ndiye alikuwa mkunga wa mtaa. Jirani yetu wa chumba cha mwisho, mwanamke mpole wa kusini, mumewe mchukuzi wa mizigo sokoni, akajifungulia mikononi mwake. Mtoto wa kiume. Katoka na utando mweupe mwili mzima, mzito kama samli iliyoganda. Bibi hakuugusa. Akamlaza kifuani kwa mama yake, akawafunika, akasema, "Leo haogi. Tumboni alikuwa na jua lake. Hapa nje bado hajawasha la kwake."

Wanawake wa uani walikuwa na yao.

"Mmemwona? Kapakwa chokaa!"

"Si mama yake huyo! Mimba miezi tisa, bado hambandukii mume."

Wakacheka, wakagongana mikono. Enzi zile utando ule ulikuwa aibu ya mama. Leo manesi wanasema ni nguo anayokuja nayo mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, nikasikia yote. Nikamwonea huruma jirani. Na niseme kweli, nilitaka sifa pia. Nilitaka baba mtu akirudi amkute mwanawe anang'aa, aulize nani kamtakatisha.

Bibi akatoka kwenda kutafuta pilipili manga ya uji wa mzazi. Wanawake wa uani nao wakakimbilia foleni ya unga. Mama wa watu kalala, hoi. Nikamchukua mtoto, nikachomoa kipande cha sabuni, nikaenda naye bombani. Maji baridi. Nikasugua. Akalia kwa nguvu, kisha akanyamaza. Nikadhani kayapenda maji. Nikamfuta, nikamrudisha ubavuni kwa mama yake, nikarudi kwenye nazi yangu.

Bibi aliporudi alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwake. Mtoto midomo zambarau, mwili umelegea, pumzi inakuja na kupotea. Akamvua kanga, akamfungua mama kifua, akawabandika ngozi kwa ngozi, akawarundikia mablanketi ya nyumba nzima. Tukakaa ukumbini mpaka alasiri. Taratibu mtoto akapata rangi. Akatafuta ziwa, akanyonya.

Ndipo bibi akatoka uani. "Nani kamwogesha?"

"Nani tena?" shoga mmoja akamjibu. "Mama mwenyewe. Kaionea haya chokaa yake."

Jirani akaapa kwa Mungu kwamba hakuinuka kitandani. "Muongo!" wakamzomea mlangoni. Mumewe, karudi na jasho la sokoni, akamtazama kama mtu aliyeua. Na mimi, mikono inanuka sabuni, nikaendelea kukuna nazi.

Arobaini haikuisha. Akarudishwa kwao kusini na mtoto wake mgongoni, na jina la mama aliyetaka kuua mwanawe. Sijamwona tena. Bibi kafa hajui. Nyumba ile pia haipo, pamesimama ghorofa wanauza mapazia. Hata ningetaka kuomba radhi, mlango wa kubisha hodi uko wapi?

Nimezaa saba, wote wameogeshwa na dada zangu. Watu wamesema naringa, nami nikaacha waseme.

Juzi mjukuu wangu kaletwa nyumbani na kichanga chake. Beseni tayari, maji ya uvuguvugu tayari.

"Shikamoo bibi. Njoo utuogeshee mtoto, sisi tunaogopa shingo."

"Marahaba. Mimi mtoto mchanga simwogeshi."

Wakacheka. "Bibi naye kwa kuringa! Si nyie ndo mlikuwa wataalamu?"

Kisha mjukuu wangu akaacha kucheka, akanitazama usoni. "Bibi, lakini kwa nini?"

Pale pale ningeweza kusema. Chumba kizima kinanisubiri mimi. Nikatengeneza mtandio wangu.

"Mimi mtoto mchanga simwogeshi."