Mkoba wa Bastola Ambao Haukuwahi Kuona Bastola

Babu yangu alikuwa mlinzi wa mikoko katika delta ya Rufiji, na kazini walimpa mkanda wa ngozi wenye mkoba wa bastola. Bastola yenyewe haikufika. Babu akatia ugoro humo, akawa anakamata wezi wa boriti kwa kuweka mkono kiunoni na kukunja uso tu. Inasemekana wengi walisalimu amri.

Alipofariki, mkoba ulikaa sandukuni kwa shangazi yangu, Kibiti, mpaka ukakauka kama ukoko wa wali. Mwaka jana shangazi akatangaza kwamba siku ya hitima ya babu atamkabidhi mjukuu mmoja autunze. Tulioutaka tulikuwa wawili: mimi, na binamu yangu wa Nyamwage, fundi viatu. Kwetu binamu ni mtani, kwa hiyo hakunionea haya.

“Mama mkubwa, huyu msomi,” alimwambia shangazi mbele yangu. “Kandambili yake ikikatika anaitisha kikao.”

Shangazi akaamua nianze mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa binamu. Nilipewa wiki mbili. Nikiulainisha, wangu. Nikiuharibu, wa fundi.

Nilisoma mtandaoni siku tatu. Nikafuta vumbi kwa mswaki mkuukuu, nikarudishia mshono uliofumuka kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa nyavu, nikajichoma vidole vinne. Hapo nilijiona fundi. Kilichobaki ni mafuta, na wataalamu wa mtandaoni walisisitiza mafuta ya kwato za ng'ombe. Nikaenda buchani.

“Makongoro ni supu, mwalimu,” muuza nyama alinijibu kwa upole. “Unaumwa?”

Basi nikaenda Nyamisati kwa mzee mmoja mtengeneza mashua. Alinipa chupa ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopaka mashua ili mbao zisioze.

“Mbao zinayanywa,” alisema. “Ngozi ni nani hata ikatae?”

Hoja hiyo sikuweza kuipinga, na nina shahada mbili. Maelekezo ya mtandaoni yalisema matone machache. Lakini ule mkoba uliyapokea kama mtu aliyefunga saumu akisikia adhana ya magharibi, nami nikaona si utu kumnyima mwenye kiu. Nikamimina nusu chupa.

Ulilainika ajabu. Ulinuka ajabu zaidi. Nikauosha kwa sabuni ya mche, nikaufukiza udi, nikaufunika kwa majani ya mchaichai. Matokeo yake ulinuka papa aliyevaa kwenda harusini. Paka wa mtaa wakaanza kunisalimia.

Siku ya hitima niliufunga ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Nilipoingia barazani kwa shangazi, paka wawili waliingia nyuma yangu. Mwalimu wa madrasa aliyeongoza kisomo alisogea taratibu hadi mlangoni, msahafu mkononi. Ndugu waliotoka kijiji cha Mkongo wakaulizana nani kaja na samaki.

Kisomo kilipokwisha, binamu hakusubiri. “Mama mkubwa, ule mkoba umeshakufa. Nipe mimi nikauzike kwa heshima.”

Shangazi alinyoosha mkono, nikampa. Alifungua mifuko yote mitatu, akaukunja mkoba, ukakunjika kama chapati ya moto. Kisha akaunusa. Nilitazama zulia. Nikamsikia anapiga chafya, halafu anacheka mpaka ushungi unamtoka.

“Loo! Baba mtupu huyu!” alisema. “Alikuwa akishuka kwenye mashua zao za kazini, zilizopakwa sifa, ananuka hivi hivi. Mama alikuwa anamwambia, ‘Bwana we, mkanda huo unalala nje, na wewe ukiutaka sana, lala nao.’”

“Kwa hiyo wangu, shangazi?” niliuliza.

“Wako, baba. Ila masharti ni yale yale ya mama. Nyumbani kwako mkoba huu usiingie ndani.”

Nikamgeukia binamu nipate kumcheka. Alikuwa ameshakaa upande wa pili, amejiziba pua kwa kanzu.

“Nimekuachia kwa roho safi, mtani,” alisema. “Wala nisiambiwe asante.”

Sasa unaning'inia kwenye msumari nje ya mlango wangu, laini, haujapasuka popote. Paka wanakuja kila asubuhi kuukodolea macho. Mimi hutoka, naweka mkono kiunoni, nakunja uso. Mpaka leo hakuna aliyesalimu amri.