Wingu Juu ya Kofia ya Mzee Ibrahimu

Kwanza linyooshwe lililopindishwa. Marehemu Habibu, mpiga picha wa Majengo, Dodoma, hakuingia mapango ya Kolo kwa jeuri, wala hakuondoka huko na laana ya mtu. Alipiga picha michoro ya miambani mara moja tu, kwa kibali na akiwa na mwongozaji, akarudi nyumbani, akala, akalala. Kamera yake kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa cheusi na kutia filamu moja moja pana kama kiganja, haina mkosi. Wanaosema ina mkosi waliona madoa kwenye picha, na madoa hayo yana chanzo chake.

Habibu alipofariki, kamera na kazi alivirithi binti yake, Asma. Mwaka huu Asma alikwenda Kolo kumpiga picha baba yake mkubwa, Mzee Ibrahimu, ambaye maisha yake yote alikataa kupigwa picha na safari hii aliita mwenyewe. Mzee alikaa kitini nje ya nyumba, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kufuma kichwani, ukuta mtupu nyuma yake. Asma alipiga filamu nne. Aliporudi Dodoma akasafisha mbili, na zote zikatoka na wingu jeusi juu ya kofia ya mzee, limetanda kama moshi wa kuni mbichi. Kabla hajazigusa mbili zilizobaki, simu ikatoka Kolo kwamba Mzee Ibrahimu hayupo tena.

Hapo ndipo maneno yalipoota miguu. Ikasemwa kwamba kamera ilitabiri kifo, kwamba Habibu amemwita kaka yake kwa sababu ya deni la mizimu ya mapangoni. Mjane wa Habibu, Mwamvua, aliyefundisha kemia sekondari hadi akastaafu, aliyasikia sokoni akipimiwa karanga. Alirudi nyumbani kwa miguu, shingo imenyooka, akamkuta Asma mbele ya stoo wanayoitumia kusafishia filamu.

"Mama, nizimalizie zile mbili leo," Asma alisema. "Watu wa Kolo wanaiulizia picha."

"Hutazigusa mpaka tujue kosa liko wapi. Yule mtu hatakaa kitini tena."

Mwamvua akazichukua zile filamu, zikiwa ndani ya kasha lao lisilopitisha mwanga, akazifungia kabatini chini ya kanga zake za msiba.

Wakaanza kutafuta. Asma alipiga picha ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa, maana ukuta mtupu hauna pa kuficha doa. Mwamvua alishuku maji ya kisima, ambayo Dodoma yana chumvi ya kukatisha sabuni, basi dawa ya kusafishia filamu ikachanganywa na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Wingu likatokea vilevile. Akashuku joto, dawa ikapozwa ndani ya mtungi. Wingu likapungua kidogo, lakini halikuondoka.

Hapo mwalimu ndani yake akaamka. Alimwuliza Asma kama filamu huwa anailaza upande uleule kila mara. Asma akasema ndiyo. Gizani anapapasa alama zilizokatwa pembeni mwa filamu, kisha analaza upande wa vichwa kulia kwake, kama alivyofundishwa na baba.

"Leo igeuze," mama akasema. "Kama kosa ni la kamera, doa litabaki juu. Kama ni letu, litahama."

Likahama. Picha ya ukuta ilitoka na wingu chini, kwenye msingi wa nyumba. Mwamvua aliishika ile filamu dirishani kwa muda mrefu. Kamera ilikuwa safi. Habibu alikuwa safi.

Lakini kujua kosa haliko kwenye kamera si kujua liko wapi. Lililobaki lilikuja na Dorothea, rafiki wa Mwamvua wa siku nyingi aliyefundisha naye shule moja, Mgogo asiyejua kunyamaza, ambaye siku hizi anatengeneza batiki uani kwake. Alifika kusalimia, akaketi na Mwamvua nje ya stoo wakati Asma yuko ndani gizani akitikisa beseni la dawa. Mlango haukuzuia sauti. Chwaa, kisha kimya. Chwaa, kisha kimya.

"Huyo mtoto anasafisha picha au anasukutua?" Dorothea akauliza. "Mbona maji yanakwenda na kukauka?"

Asma alipotoka, akamwamkia shikamoo na kumwonyesha beseni. Lilikuwa pana, kalinunua sokoni baada ya trei nyembamba ya baba yake kupasuka. Dawa ilikuwa kikombe kimoja cha bati, kipimo cha Habibu, aliyekulia kwenye ukame na kusema kila siku kwamba maji hayaokotwi. Ndani ya trei nyembamba kikombe kile kiliifunika filamu. Ndani ya beseni kilikimbilia upande mmoja kila lilipoinuliwa, na upande wa pili ukabaki bila dawa.

"Batiki yangu ikikosa maji ya kuogelea inatoka mabaka," Dorothea alisema. "Na kitambaa nakilowesha kwanza, mwanangu, ndipo rangi ikishike sawasawa."

Asma akainamisha uso. "Nilifuata kipimo cha baba."

"Ulifuata vizuri," mama yake akamwambia. "Chombo ndicho kilichobadilika."

Wakajaribu tena kwa ukuta, filamu ikaloweshwa kwanza, dawa ikamiminwa bila uchoyo, na ukuta ukatoka mweupe kote. Ndipo Mwamvua akafungua kabati, akampa Asma zile filamu mbili. Alikaa nje ya mlango akisikiliza sauti ya maji isiyokatika, akimshukuru Mungu kwa binti mtiifu, na kwa rafiki mwenye mdomo. Dorothea alimshika mkono.

Siku ya arobaini, huko Kolo, picha iliwekwa sebuleni. Ukuta nyuma ya mzee ulikuwa safi, na ndevu zake zingeweza kuhesabika. Bi Salma, mjane wa Ibrahimu, aligusa kwenye kioo cha picha ile kofia aliyoifuma mwenyewe, akamwambia Asma ahsante, kisha akamwambia tena.

Athuman, mwana wa Mzee Ibrahimu, alimsogelea Mwamvua wakati pilau inapakuliwa.

"Mama mdogo, wanasema yale maneno ya mkosi yalianzia humu humu kwetu. Nani aliyeyaanza?"

Mwamvua alimjua, maana sokoni alitajiwa jina. Mtu huyo alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka kwao, akila huku macho yakiwa kwenye sinia.

"Ninamjua," alisema. "Sitamtaja. Kanawe mikono ule, na usiniulize tena."