Ng'ombe Aliyegoma Kukamuliwa

Niliporudi kijijini Gitting na shahada yangu ya saikolojia, baba alinipa jembe na muda. Vitunguu swaumu vikivunwa kabla sijapata ajira, niombe kusomea ualimu, kazi inayoeleweka.

"Kusikiliza watu nayo ni kazi?" aliuliza. "Mbona mimi nasikiliza redio kila siku?"

Nilikasirika, hasa kwa sababu alichekesha. Maombi niliyotuma yalikuwa hayajajibiwa hata moja.

Siku moja tukiwa tunapalilia akaja jirani yetu, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe masika yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe umesomea akili? Ng'ombe wangu amegoma kukamuliwa. Njoo umwone."

Baba aliinamia vitunguu, mabega yakimcheza kwa kicheko. Nikaenda ili kumkomoa tu.

Zizini nilimuuliza yule mama nani alikuwa akimkamua ng'ombe zamani.

"Marehemu," akasema, akakaa kwenye kigoda. Hapo akaanza: mumewe alivyomwimbia yule ng'ombe, alivyokuwa mbishi, alivyoondoka bila hata kuaga. Mimi nilikaa, nikasikiliza mpaka kivuli cha zizi kikahama. Alipomaliza alijifuta uso, akavuta ndoo, akakamua mpaka povu likafika juu. Ng'ombe hata mguu hakuinua. Mama yule alianza kukamua kabla sijazaliwa. Ng'ombe alikuwa kisingizio.

Wiki iliyofuata alikuja mzee mmoja mwenye mbuzi asiyepata usingizi.

"Na wewe mzee," nikamuuliza, "unalala?"

Tulizungumza hadi saa sita mchana.

Vitunguu vilikuwa vimeanza kukauka majani nilipoitwa Katesh kwenye usaili. Shirika moja dogo lilitafuta mshauri nasaha. Wakaniuliza uzoefu wangu.

"Nimeshauri ng'ombe mmoja na mbuzi mmoja," nikasema. Walicheka sana. Nilipowaeleza habari yote, mmoja wao akavua miwani akaifuta. Simu ya kunipa kazi iliita siku mbili kabla hatujavuna. Nilirukaruka shambani kama ndama. Baba alisema tu, "Haya, tutaona."

Jumamosi moja nikiwa nimetoka kazini kuja kusalimia nyumbani, alinifuata uani. Akakohoa mara mbili.

"Binti yangu, yule dume wetu mwekundu siku hizi ana mawazo sana. Hata chakula hali vizuri."

Dume huyo tulimla siku ya sherehe ya mahafali yangu. Baba mwenyewe ndiye aliyemchinja.

"Pole yake, baba," nikasema, nikamsogezea kigoda. "Hayo mawazo yameanza lini?"