Siku Nilipompanga Mama Yangu Foleni

Aibu hii ninayo tangu Krismasi iliyopita na sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu, wengine wameisimulia kwa niaba yangu, kila mmoja na chumvi yake (yupo anayesema nililia, sikulia), kwa hiyo leo acheni niseme ilivyokuwa: nilimwaibisha mama yangu mzazi mbele ya uwanja mzima, tena kwa kipaza sauti, na nilikuwa nimejiandaa vizuri.

Mimi ni mtunza ghala la mahindi hapa Sumbawanga mjini, na kazi hiyo imenizoesha kuandika kila kitu, gunia limeingia saa ngapi, limelazwa wapi, limetoka na nani. Binti yangu Sesilia ana miaka minane, anaishi Mpui na mama yangu tangu mama yake atutoke, na mimi huwaona mwisho wa mwezi nikijaaliwa. Basi yale mabembea ya umeme yalipokuja mjini kwa ajili ya sikukuu nikampigia simu, nikamwambia mje siku ya pili ya Krismasi na basi la asubuhi, mtarudi na la saa tisa, na humo katikati utapanda vyote vinne: treni, farasi wa kuzunguka, vigari vya kugongana, na lile gurudumu kubwa lenye viti linalompandisha mtu juu ya mabati ya mji.

"Vyote, baba?"

"Vyote."

Nikasikia wananong'onezana na bibi yake, kisha wakacheka, nami sikuuliza wanacheka nini. Laiti ningeuliza.

Krismasi yenyewe, baada ya misa, nilikwenda uwanjani na daftari nikasimama pembeni kama mtu aliyetumwa na wizara. Niliona treni ina foleni fupi asubuhi, farasi hupata nafuu watu wakienda kula, vigari havieleweki, na gurudumu halina nafuu saa yoyote kwa sababu wanajaza kiti kimoja kimoja. Nikapiga hesabu, kwa kusimama foleni kama watu wengine Sesilia angepanda viwili, labda vitatu, halafu basi.

Hapo ndipo ikanijia mashine ya kusaga ya Mpui. Kule mtu hapangi foleni kwa miguu yake. Unaweka debe lako nyuma ya debe la mwenzio, unakwenda kuchuma mboga au kusengenya, ukirudi unakuta watu wamelisogeza bila kuombwa, na atakayeliruka atasemwa mpaka kanisani. Bombani ni ndoo, vilevile. Nimekulia humo, na sijaona debe likidhulumiwa hata siku moja, kwa hiyo nikajiambia kama debe linasimama badala ya mtu, na mwamvuli utasimama. Usiku nikaandika mpango wangu kwa mwandiko safi, nikaukunja, nikauchomeka ndani ya kofia usipotee.

Walifika saa nne kasoro. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vyake vya kanisani, vile vya kufunga. Nikamwamkia, nikapokea mzigo, na hata habari za safari sijazimaliza nikampeleka kwenye foleni ya gurudumu.

"Mama, wewe simama hapa. Ukikaribia mbele, utuite."

"Hapa?"

"Hapahapa."

"Haya, baba," akasema, akasimama.

Nikauweka mwamvuli kwenye foleni ya farasi, nikaiweka kofia kwenye foleni ya vigari (nilimwambia kijana wa mbele yake, "Hii ni nafasi yangu," akaniangalia tu), kisha mimi na Sesilia tukaenda kwenye treni, ambayo kweli haikuwa na watu, na nilijisikia bingwa. Sesilia akaomba tupande wote. Mwendeshaji akasema mtu mzima anaruhusiwa akienea. Nilienea, ila magoti yaligusa kidevu.

Tulikuwa hatujamaliza hata mzunguko mmoja kipaza sauti kikalia. "Wapendwa, kuna mwamvuli na kofia vimeokotwa kwenye foleni, mwenyewe haonekani. Ndani ya kofia mna karatasi, ngoja tuisome, huenda ina jina."

Mle kwenye treni hakuna pa kushukia.

"'Mwamvuli, farasi, saa nne na robo,'" mshereheshaji akasoma. "Jamani, huu mwamvuli umekuja kupanda farasi." Uwanja ukacheka. "'Kofia, vigari, saa nne na nusu.' Kumbe hata leseni inayo." Wakacheka zaidi. Kisha akasoma mstari wa tatu kabla hajaupima: "'Bibi, gurudumu, saa nne hadi saa saba. Hapandi.'"

Akaikunja karatasi. Kisha akasema, taratibu kidogo, "Na bibi yumo kwenye vitu."

Treni ile ilikuwa inapita karibu kabisa na foleni ya gurudumu. Mzunguko wa kwanza nilimwona mama anaangalia spika. Wa pili alikuwa ananiangalia mimi. Wa tatu alikuwa ametoka kwenye foleni, amesimama peke yake, anaangalia viatu vyake.

"Baba," Sesilia akaniambia, "lakini Bibi ndiye anayetaka gurudumu. Ndiyo tulikuwa tunanong'ona siku ile."

"Mwenye kofia yuko wapi?" kipaza sauti kikauliza.

"Si huyo hapo kwenye treni ya watoto," mama mmoja aliyeniona nikiiweka akajibu kwa sauti, "anajificha nyuma ya mtoto."

Iliposimama nilichomoka kwa shida, nikamfuata mama.

"Mama, nisamehe."

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Kasoma bila kukwama." Kisha, akiwa bado haniangalii, "Mimi nilijua nimewekwa pale kwa sababu na mimi napanda."

Nikamweleza habari ya presha yake, kwamba nilihofia. Akaniuliza ni lini nilimuuliza juu ya presha yake.

Nafasi yake ilikuwa imeshapotea. Nikamwambia Sesilia achague, tukimbilie farasi na vigari, au tuanze upya mkiani mwa gurudumu. Akasema, "Tusimame na Bibi." Tukasimama watatu. Vijana walipita wakiniuliza, "Mshikaji, mwamvuli hajambo?" na mama akawaambia, "Mwacheni, ni mwanangu, ana akili sana," jambo lililowafurahisha zaidi. Lakini katika foleni ile ndipo nilipojua kwamba Sesilia anamsomea bibi yake masomo ya misa kila Jumamosi, kwamba anaogopa ng'ombe wa jirani, kwamba meno mawili yamemtoka tangu mwisho wa mwezi uliopita. Ghalani ningeliona gunia lililopungua kilo mbili.

Zamu yetu ilifika karibu saa tisa. Kiti kilituchukua wote. Kule juu kilisimama, upepo ukavuma, mama akanikamata mkono.

"Ghala lako ni lipi?"

Nikamwonyesha bati.

"Na unapolala?"

Nikamwonyesha. Miaka sita nimepanga chumba mjini na mama hajakiona, akija ni hospitali au sokoni, siku hiyohiyo anarudi. Akapaangalia muda mrefu. Kisha akaonyesha barabarani. "Lile si basi letu?"

"Ndilo."

"Basi liende."

Usiku ule alilala kitandani kwangu na Sesilia, mimi chini, na kabla ya kulala alikisifia chumba kuliko kinavyostahili. Pasaka wanakuja tena. Safari hii sijakwenda kutazama foleni yoyote. Nimempigia mama nikamuuliza anapenda kufanya nini, akasema atafikiri, na mimi nimekaa nangoja.