Besi Aliyepewa Sale

Mimi ni mtu wa kuandika, siyo wa kusema. Darasani nikijua jibu nanyamaza, na mwenzangu akilipata nafurahi kwamba nimeponyoka. Kwa hiyo sijui mchungaji aliniona nini mpaka akaja nyumbani, likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, kumwambia baba kwamba wageni wa kanisa rafiki la Ujerumani wanakuja na mimi ndiye nitakayewatafsiria.

"Kiingereza chake kizuri," alisema mchungaji.

"Cha kwenye karatasi," alijibu baba.

Sikukasirika, maana ni kweli.

Wageni wenyewe hawakuwa wale tuliowazoea, wa kukagua tangi la maji walilotuchangia. Walikuwa watu kumi na saba, wengi wazee, na walichokuwa nacho pamoja ni kupenda opera tu. Kila mwaka wanasafiri kwenda nchi fulani kumwadhimisha mtunzi mmoja mkubwa aliyekufa zamani sana. Wanaimba nyimbo zake, wanakula, wanarudi kwao. Mwaka huo wakachagua mlima wetu. Walifikia kwanza Marangu, baadhi yao wakapanda mpaka kibanda cha kwanza, wakaja kwetu Masama na pua nyekundu zinazobanduka.

Kuna mtu aliwafundisha kusema shikamoo lakini hakuwaambia ya nani. Wakawa wanawaamkia hata watoto wa chekechea. Watoto wakajua, wakawa wanapita mbele ya hosteli ya kanisa walikolala wageni mara kumi kwa siku kuitikia "Marahaba!" kwa sauti nzito.

Bibi yangu, mama yake baba, alitaka kuelewa kabla ya kukubali chochote. Kiongozi wao, mama mrefu aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alipokuja kutusalimia, bibi alinivuta mkono.

"Mwulize, huyo mtunzi ni ndugu yao?"

Nikauliza. Hapana, si ndugu.

"Kaburi lake liko huku kwetu?"

Hapana, liko Ulaya.

"Sasa mbona wanamfanyia matanga mbali hivi?"

Yule mama akasema ukipenda kitu sana unatamani kuona kama kitasimama na mahali pengine. Bibi akatikisa kichwa. "Kama kubeba mche wa mgomba kupeleka kwenye kihamba kipya," akasema, akaridhika, akamkaribisha mtori wa ndizi.

Mimi sikuridhika. Niliandika kwenye daftari langu maswali tisa kuhusu watu hawa. La kwanza: mtu analiaje kwa wimbo ambao ameshausikia mara mia? Maana walikuwa wanalia kweli. Walipofanya mazoezi ukumbini, wale wasioimba walikaa kwenye mabenchi wakichezesha midomo kimya kimya, na machozi yalikuwa yanaanza kabla mahali penyewe pa kulia hapajafika. Kama mtu anayeangalia barabarani mapema kwa sababu anajua basi linafika saa ngapi.

Sasa nieleze la nyumbani, kwa sababu bila hilo mengine hayana maana.

Nina dada mmoja. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya baba, na baba ndiye mwalimu wa kwaya, kwa hiyo alikuwa wake mara mbili. Miaka miwili kabla ya wageni hawa, dada aliondoka asubuhi kama anakwenda kisimani, kumbe amekwenda kuolewa na fundi redio Mkatoliki, mtu wa Kibosho, pale Kwa Sadala. Hakuna mshenga aliyekuja, hakuna aliyeaga. Tangu siku hiyo alikuwa hajavuka uzio wetu. Kutoka kwetu mpaka Kwa Sadala ni mteremko wa saa moja na nusu kwa miguu, na mama alikuwa hajamwona mjukuu wake.

Baba hakuwahi kupiga kelele. Alisema mara moja tu: "Akileta sale, mlango uko wazi."

Kwetu sale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kuzunguka kihamba, shamba la nyumbani, kuwa mpaka. Ukimkosea mtu, unalichuma, unafunga fundo, unampelekea, au unamtuma mzee akupelekee. Aliyepelekewa hakatai. Hata kama ni ng'ombe umeua, hata kama ni ndugu yake umemtukana mbele za watu. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa.

Dada naye, nikimpitia kwenye meza yake ya mitumba siku za soko, alikuwa na jibu lake.

"Sale la kosa gani? Nimeiba? Nimeolewa."

"Lakini ungepeleka tu, yaishe."

"Peleka wewe, si una miguu."

Basi, dada akawa anangoja kule na baba anangoja huku, na mama kila mvua ikinyesha anasema, "Sijui kule kunavuja."

Kiongozi wa wageni alinipa karatasi yenye hadithi ya opera yenyewe ili niitafsiri kabla ya siku ya onyesho. Niliisoma nimekaa juu ya gunia zizini, ng'ombe akinipumulia. Msaga nafaka ana binti mmoja. Binti anamfuata mtu ambaye baba hamtaki. Anarudi kuomba msamaha. Baba anakataa, na binti anafia mlangoni.

Nilikunja karatasi. Nikaikunjua tena nione kama bado imeandikwa vilevile.

Niseme ukweli: niliwaza kubadilisha. Nani angejua? Ningeandika baba anasamehe, wanakula, mwisho. Kwa siku mbili nilikuwa na tafsiri mbili ndani ya daftari moja. Halafu baba akaniomba asome. Nikampa ile ya kweli, kwa woga tu, siyo kwa uaminifu. Akasoma mpaka chini, akarudisha, akasema, "Hapa umesahau nukta."

Lakini baba mwenyewe alikuwa ameshanaswa na wageni, kwa upande wake. Mwimbaji aliyekuwa anaigiza msaga nafaka alikuwa mzee mnene wa sauti ya besi, kwao ni daktari wa meno. Alikuwa na kitabu kikubwa cha muziki wote. Baba anajua noti za do re mi, zile anazoandika ubaoni kwa herufi; madoadoa ya kwenye mistari anayasoma kwa shida. Jioni tatu mfululizo nilikaa katikati yao wawili kwenye benchi la ukumbi, nikitafsiri, huku kidole cha baba kikitembea juu ya mistari na besi akiimba taratibu, na baba akigeuza kila noti kuwa herufi kwenye kitabu chake. Na wimbo aliochagua kunakili, kati ya nyimbo zote, ni ule wa baba anayekataa.

"Kwa nini huo?" nilithubutu.

"Besi yake imeshuka vizuri," alisema.

Wiki nzima akawa anauimba bila maneno, anakata majani ya ng'ombe, anaimba. Mama alikuwa anaingia jikoni na kufunga mlango.

Siku ya onyesho watu walijaa uwanja wa shule ya msingi. Wazee wa kanisa walikuwa wamesema wimbo wa dunia usiimbwe kanisani, kwa hiyo wageni waliweka kinanda chao cha betri mbele ya darasa la tatu, mlango wa darasa ukawa mlango wa msaga nafaka. Bibi alikaa mbele kabisa, kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani. Baba alikaa na kwaya, kushoto.

Mimi nilisimama na karatasi iliyolowa jasho. Nilieleza kwamba opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawaongei, wanaimba tu.

"Hata akiomba chumvi?" akauliza mtu nyuma.

"Hata chumvi."

"Basi chakula kinapoa!"

Watu wakacheka, na mimi nikapata pumzi kidogo. Binti alipotoka kuimba wakacheka zaidi, maana alikuwa mama wa miaka sitini hivi.

"Binti gani huyo ana mvi?"

"Huko kwao wanachelewa kuolewa!"

Lakini alipofungua kinywa wakanyamaza. Sijui nielezeje. Sauti ilitoka kubwa kuliko mwili wake, ikapita juu yetu kwenda kwenye migomba, na mtoto aliyekuwa analia mgongoni mwa mama yake akaacha kulia ili ajue ni nini. Wale wageni wengine walichezesha midomo. Mimi nilikuwa nasoma kila kipande kabla hakijaimbwa, na nilipofika pale binti anaporudi nilisoma polepole, bila kuangalia kushoto.

"Binti amefika mlangoni. Anaomba baba yake amsamehe. Baba atakataa."

Binti akapiga magoti mbele ya darasa la tatu, akaimba. Daktari wa meno akasimama mlangoni amekunja mikono. Kinanda kikaanza ule wimbo alionakili baba.

Hapo ndipo bibi aliposimama. Nilidhani anakwenda kujisaidia. Akatembea na mkongojo wake mpaka kwenye uzio wa kihamba cha jirani, akachuma sale, akalifunga fundo huku anarudi, akapita katikati ya waimbaji na kumshikisha yule binti mkononi.

"Mpe," alimwambia kwa Kichagga. "Mama, mpe baba yako."

Yule mama hakuelewa neno hata moja, lakini alimpa. Labda kwa sababu uso wa bibi ulieleweka. Besi akalipokea jani, kinanda kikanyamaza, na wageni wote kumi na saba wakanitazama mimi.

Sikuwahi kutamani kuwa mtu mwingine kama wakati ule. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kwetu mtu akikuletea jani hili anaomba msamaha, na ukishalipokea huwezi kukataa. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Besi akageuza jani huku na huku. "Lakini mtunzi ameandika ninakataa," alisema. Nikawatafsiria watu.

"Mwambie mtunzi ni marehemu," alisema bibi. "Yeye yuko hai."

Uwanja mzima ukacheka, kwa Kichagga na kwa Kiswahili. Nilipotafsiri, wageni nao wakacheka, halafu wakaanza kunong'onezana kwa wasiwasi kabisa. Nadhani ndipo nilipopata nusu ya jibu la swali langu la kwanza. Walikuwa wamesafiri mbali vile ili wimbo ubaki kama ulivyo, kila noti mahali pake, na hakuna mtu aliyewahi kuusimamisha katikati.

Besi alimwangalia baba, rafiki yake wa benchi. "Mwulize mwalimu. Kweli hakuna anayekataa?"

Nikageuka kushoto. "Baba, anauliza kama kweli hakuna mtu anayeweza kukataa sale."

"Mwambie hakuna."

Nikamwambia. Besi alikuwa bado ameshika jani. Aliuliza kwa nia njema tu, kama mtu anayependa kujua, nina hakika alikuwa hajui lolote la kwetu.

"Na kama binti hana jani?"

Ningeweza kutafsiri vibaya. Ningeweza kusema anauliza jani linaitwaje. Lakini nilishasimama, na mdomo ulishafunguka.

"Baba, anauliza, na kama binti hana jani?"

Watu wa kwetu hawakucheka. Wote wanajua. Baba alitazama kitabu chake cha noti, akakifunga, akakiweka chini ya benchi.

"Mwambie aendelee kuimba," alisema.

Akaendelea. Mtunzi wao alishinda. Besi alikataa mpaka noti ya mwisho, na binti akafa mlangoni kwa heshima zote. Lakini aliimba kukataa huku amelishika sale kwa mikono miwili kifuani, hakuliangusha, na watu wakasikitika kwa midomo, "Tsk, tsk, amelipokea na bado anakataa." Bibi alisema njia nzima ya kurudi kwamba yule mzungu anaimba vizuri ila hakulelewa.

Jioni baba alikata majani ya ng'ombe kama kawaida. Hakuimba.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Mama aliniandalia mkungu wa ndizi wa kupeleka Kwa Sadala. Nilipofika kwenye uzio baba alikuwa pale na panga lake la kukatia majani. Nikamwamkia, akaitikia. Akaangalia ndizi, akaangalia mlima, ambao ulikuwa umejifunika.

"Utapita kwenye mitumba?"

"Nitapita, baba."

Akachuma sale. Vidole vyake vilihangaika na fundo, kwa sababu nadhani hajawahi kulifunga. Wengine ndio waliokuwa wanamletea yeye. Akalichomeka kwenye kikapu, katikati ya ndizi, akarudi kwa ng'ombe.

Nimewauliza watu baadaye kama mzazi anaweza kumpelekea mtoto sale. Wengine wanasema haijawahi kutokea. Bibi anasema inategemea nani amechoka.

Dada alikuwa anakung'uta suruali za jinzi alipoliona. Akaacha mkono hewani.

"Bibi amekutuma?"

"Hapana."

"Mama?"

"Baba. Amelichuma mwenyewe. Angalia fundo."

Akaliangalia lile fundo baya. Halafu akaanza kukunja nguo, moja moja, kuzirudisha kwenye furushi, na ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya soko, wateja wamesimama. Mama mmoja alilalamika kwamba alikuwa bado anachagua.

"Nimefunga," dada alimwambia. Akamfunga mtoto mgongoni. Kisha akanigeukia, kwa ile sauti yake ya kunitania ambayo nilikuwa sijaisikia siku nyingi. "Na huo mchezo wenu, nasikia huyo binti mwishoni alikufa?"

"Alikufa."

"Na wewe ndiye mtafsiri? Si ungebadilisha, mjinga wewe."

Tukaanza kupanda.