Kigelegele Mbele ya Maikrofoni

Moshi ulitoka kwenye spika mchana kweupe, dada yangu akiwa katikati ya ubeti, na wanawake waliomzunguka walidhani ni udi. Wakazidisha vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mashine, na harufu ile niliijua: koili, ule waya wa ndani ya spika, ilikuwa inaungua.

Ilikuwa harusi ya Chumbageni, miaka ya hamsini, nami nilikuwa fundi redio. Dada yangu aliimba taarabu tangu usichana wake bila kuhitaji chombo chochote, hadi alipougua kifua. Alipopona, sauti ilibaki tamu lakini ndogo, haivuki ua. Daktari alimwonya asiilazimishe, isije ikamtoka moja kwa moja. Ndipo nikamuundia mashine ya kukuza sauti kwa valvu, zile taa za kioo za ndani ya redio mbovu, nikaifungia spika mbili. Baada ya ile kuungua ilibaki moja, na ya kufanana nayo sikuipata Tanga nzima.

Mashine ikidaiwa sauti iliyozidi uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya ile sauti vikawa bapa. Unachosikia ni mkwaruzo, na spika inapata moto. Dada peke yake asingeifikisha huko. Lakini kwetu mwimbaji hatuzwi kwa mbali. Mama aliyeguswa na ubeti hutoka kwa maringo, humvika kanga mabegani, kisha humpigia kigelegele uso kwa uso. Na maikrofoni ipo hapo hapo.

Alhamisi iliyofuata dada alikuwa aimbe harusi nyingine, Makorora. Nilikwenda kwa mama wa bibi harusi, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba wanawake watakaotuza wasimame nyuma kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimtuze kwa mbali, kwani ana ndui?"

Waliokuwa wakichagua mchele wakacheka hadi nikaaga.

Basi nikajenga kizuizi. Katika sauti inayotoka nilichota kidogo, nikaipitisha kwenye valvu ndogo igeuke kuwa umeme wa kuzuia, nikaurudisha kwenye valvu ya mwanzo ya mashine. Sauti ikizidi, ule umeme unaibana mashine yenyewe kabla haijafika mwisho wa uwezo wake. Nilikifunga ndani ya kopo la maziwa, nikaweka swichi ya kukiwasha na kukizima.

Tulikijaribu uani kwetu, dada akiimba. Majirani wawili wakapiga vigelegele mbele ya maikrofoni kwa nguvu zao zote, na spika haikukwaruza hata kidogo. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha nikagundua kwamba dada simsikii.

Kizuizi hakichagui. Kilipobana vigelegele kilimbana na yeye, na vilipokoma, sauti yake ilirudi polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Naye alipojisikia anapotea, akaikaza. Niliona mishipa ya shingo imemsimama, nikazima kila kitu.

"Umenizima," akasema.

"Nimezima kelele, dada."

"Hizo kelele ndizo tuzo yangu, mdogo wangu. Sasa wananituza nikiwa sipo."

Nilibadilisha kapasita, kile kifaa kinachoweka umeme na kuuachia, ili kizuizi kiachie upesi. Sauti yake ikatetemeka kama ya kikongwe. Niliporudisha ya awali, akapotea tena. Nilijaribu kila kapasita niliyokuwa nayo, na hakuna iliyofaa. Usiku wa kuamkia Alhamisi nilimsikia chumbani anakohoa, kisha anajaribu ubeti kwa kunong'ona.

Nikamwambia tuahirishe. Akajibu kwamba mwimbaji akikosa harusi moja, harusi ya pili haitwi.

Makorora ua ulikuwa umejaa. Nilikaa nyuma ya pazia, kopo la maziwa mapajani, kizuizi kimezimwa. Aliimba beti mbili, sauti ikavuka ukuta, watu wa njiani wakasimama kusikiliza. Kwenye ubeti wa tatu mama wa bibi harusi aliinuka mkekani, akatoa kanga iliyokunjwa, akaanza kumwendea dada kwa maringo. Nikikiwasha, dada ataikaza sauti. Nisipokiwasha, spika itaungua.

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Yule mama alikuwa ameshafika mbele ya maikrofoni, anavuta pumzi.